Piperini ya Muheza bila heksani: kupima na kukadiria umumunyifu wake katika viyeyushi salama

Msomaji mmoja, mkemia kijana anayefanya kazi na kikundi cha wasindikaji wa viungo wilayani Muheza, ameniandikia hivi: "Kikundi chetu hununua pilipili manga kutoka kwa wakulima wa Amani na kuikamua utomvu wake kwa heksani, kiyeyushi kinachotokana na petroli. Mnunuzi ametuambia hataki tena bidhaa yenye masalia ya heksani. Tumeshauriwa kutumia ethanoli, wengine wametutajia viyeyushi vya eutektiki (michanganyiko inayoyeyuka kwenye joto la chini kuliko vitu vinavyoiunda), na yupo aliyetuambia kwamba siku hizi programu za kompyuta zinakokotoa kila kitu. Je, naweza kujua ni kiasi gani cha piperini, kile kinachoipa pilipili manga ukali wake, kitamumunyika katika kila kiyeyushi bila kupima mchanganyiko mmoja baada ya mwingine? Na nikitaka kupima, nianzie wapi, ilhali maabara yetu ina mizani, beseni la maji moto na spektrofotomita (kipima mwanga unaofyonzwa na mmumunyo) ya zamani tu?"

Ndugu yangu, mnunuzi wenu ana hoja, kwa kuwa heksani ya kawaida hudhuru neva za watu wanaoivuta kwa muda mrefu, na watakaoumia mwanzo ni ninyi mnaoishughulikia, si yeye. Kuhusu swali lenyewe, jibu langu ni kwamba programu itakusaidia kupunguza orodha ya viyeyushi, lakini haitakupa namba ya kujengea kiwanda. Namba hiyo hutokana na vipimo vichache vilivyofanywa kwa uangalifu, kisha vikaunganishwa kwa hesabu ambayo unaweza kuifanya kwenye karatasi. Vifaa ulivyovitaja vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kinachowaangusha wengi ni kwamba hupima kimiminika na kukisahau kile kilichobaki chini ya chupa.

Tuanze hapo. Ukitia unga wa piperini kwenye ethanoli mpaka usimumunyike tena, chupa yako ina hali mbili za maada zinazoishi pamoja: mmumunyo ulioshiba juu, na fuwele chini. Msawazo ni pale ambapo molekuli zinazotoka kwenye fuwele ni sawa na zinazorudi, hivyo mkusanyiko haubadiliki hata ukisubiri wiki nzima. Umumunyifu kwa hiyo si sifa ya piperini peke yake wala ya ethanoli peke yake. Ni mapatano kati ya fuwele ya aina fulani na kimiminika cha muundo fulani katika joto fulani. Fuwele ikibadilika, au maji yakiingia kwenye ethanoli, mapatano ni mengine na namba ni nyingine.

Upande wa fuwele una hesabu yake ambayo haihitaji kujua kiyeyushi ni kipi. Ili kitu kigumu kimumunyike, mpangilio wa fuwele lazima uvunjike, na gharama ya kuuvunja huonekana katika mambo mawili: joto la kuyeyukia, na enthalpi ya kuyeyuka, yaani nishati inayohitajika kuigeuza moli moja ya fuwele kuwa kimiminika. Katika mmumunyo bora, ambamo molekuli hazibagui jirani, logariti asilia ya sehemu ya moli (moli za kitu kilichomumunyika kati ya moli zote za mmumunyo) ni sawa na hasi ya enthalpi hiyo ikigawanywa kwa 8.314, ambacho ni kidumu cha gesi, kisha ikizidishwa kwa tofauti kati ya kinyume cha joto la chupa na kinyume cha joto la kuyeyukia, yote mawili yakiwa katika kelvini. Piperini, ambayo Hans Christian Ørsted wa Denmaki aliitenga mwaka 1819, mwaka mmoja kabla ya kuonyesha kwamba mkondo wa umeme husogeza sindano ya dira, huyeyuka karibu na 129 °C, yaani 402 K. Tuchukue enthalpi ya 32 kJ kwa moli kwa ajili ya mfano huu. Katika 25 °C hesabu inatoa sehemu ya moli ya 0.035. Ukiweka 30 badala ya 32 utapata 0.044, na ukiweka 35 utapata 0.026. Ona basi: kabla hata hujakitaja kiyeyushi, tofauti ndogo katika kipimo kimoja cha kalorimita, kifaa cha kupima nishati ya joto, imekwisha kuibadilisha namba kwa zaidi ya nusu. Programu yoyote utakayoitumia itarithi kasoro hiyo, hata kama sehemu zake nyingine ni sahihi kabisa.

Sasa tuingize viyeyushi. Vitabu vya rejea vya kemia vimekuwa vikieleza kwa miaka mingi kwamba gramu 1 ya piperini humumunyika katika mililita 15 za ethanoli, katika mililita 1.7 za klorofomu, na katika lita 25 za maji, yaani miligramu 40 tu kwa lita. Zigeuze namba hizo kuwa sehemu za moli, ukitumia uzito wa moli wa gramu 285.3, na utapata takribani 0.0135 kwa ethanoli, 0.14 kwa klorofomu, na 0.0000025 kwa maji. Gawanya 0.035 kwa kila moja, nawe utapata kipimo ambacho wanakemia hukiandika kwa herufi ya Kigiriki gama, kinachoonyesha jinsi kiyeyushi kinavyopatana au kutopatana na kitu kinachomumunyika: karibu 2.6 kwa ethanoli, 0.25 kwa klorofomu, na kama 14,000 kwa maji.

Namba hizo tatu zina mengi ndani yake. Gama ya 1 maana yake ni kwamba kiyeyushi hakina upendeleo. Maji huikataa piperini kwa sababu molekuli zake zimeshikana kwa vifungo vya hidrojeni na hazitaki kuachana ili kuipisha molekuli kubwa yenye mafuta. Klorofomu ina hidrojeni moja inayoupenda sana oksijeni wa amidi (kikundi cha kaboni, oksijeni na nitrojeni) iliyomo kwenye piperini, na yenyewe kwa yenyewe haishikani kwa nguvu, kwa hiyo gama inashuka chini ya 1. Sikushauri uitumie klorofomu, maana ni sumu kuliko hiyo heksani mnayoikimbia; nakuonyesha tu kile ambacho piperini inakitafuta, ambacho ni kiyeyushi chenye hidrojeni ya kutoa lakini kisichojikumbatia mno. Ethanoli inayo hidrojeni hiyo ila hujishika yenyewe kiasi, ndiyo maana ikaangukia katikati. Ethili asetati, inayochemka kwenye 77 °C, haina hidrojeni ya kutoa ila hupatana na sehemu za molekuli zenye mafuta. Laktati ya ethili ina vyote viwili na hutengenezwa kwa mazao ya uchachushaji, lakini huchemka kwenye 154 °C, na sijui mtaifukuzaje kwenye utomvu bila kuunguza harufu mnayoiuza.

Tuje kwenye kupima, ambako ndiko ningependa utumie muda wako. Chukua chupa ndogo za kioo zenye vifuniko visivyovuja, tia kiyeyushi kilichopimwa, kisha piperini iliyosafishwa kwa kuifuwelisha upya, mpaka uone unga uliobaki chini hata baada ya kukoroga. Zifunge kwa karatasi ya alumini, kwa kuwa piperini ikiwa ndani ya mmumunyo hubadilishwa na mwanga ikawa isoma zake zisizo kali (molekuli zenye atomi zile zile kwa mpangilio mwingine), na spektrofotomita haitakuambia waziwazi kwamba jambo hilo limetokea. Usijisumbue kupima kwenye 25 °C. Beseni linalopasha tu, bila mtambo wa kupooza, haliwezi kushika joto lililo chini ya joto la chumba, na mnajua wenyewe chumba cha Tanga au Muheza kinavyokuwa mwezi wa Februari. Pima kwenye 35, 40, 45, 50 na 55 °C, ambako beseni lenu lina nguvu ya kudhibiti, kisha urudi kwenye joto la chini kwa hesabu. Weka kipimajoto kingine ndani ya maji karibu na chupa, wala usiiamini namba ya kwenye kioo cha beseni peke yake, kwa kuwa kwa enthalpi tuliyoitumia hapo juu digrii moja ya kosa karibu na 25 °C hubadilisha umumunyifu kwa takribani asilimia 4.

Koroga usiku na mchana. Chukua sampuli baada ya saa 24, nyingine baada ya saa 48, na nyingine baada ya saa 72. Zile mbili za mwisho zikilingana, umefika. Lakini kuna njia iliyo thabiti zaidi ya kujihakikishia, nayo ni kuukaribia msawazo kutoka pande mbili: chupa moja ianze ikiwa haijashiba, na nyingine ipashwe moto kwanza mpaka imumunyishe kupita kiasi, kisha ishushwe hadi joto lile lile. Zikikutana kwenye namba moja, hakuna atakayekubishia. Umeme ukikatika katikati ya kazi usizimwage chupa. Urejeshe joto, uendelee kukoroga kwa siku nzima nyingine, na uandike jambo hilo kwenye daftari.

Zima kikorogeo na uache unga utulie kwa saa chache. Bomba la sindano na kichujio cha mikrometa 0.45 lazima viwe vimekaa kwenye joto lile lile la beseni kabla ya kuvigusisha na mmumunyo. Ukitumia bomba lililotoka mezani, mmumunyo wa 50 °C utapoa ndani ya kichujio, fuwele nyembamba za rangi ya njano hafifu zitabaki kwenye utando wake, na utaandika namba ndogo kuliko ilivyo huku ukiamini umefanya kazi safi. Kwa ethanoli mizani inatosha: weka mililita chache kwenye kisahani kilichopimwa uzito, ufukuze ethanoli polepole, kisha upime mpaka uzito usibadilike. Kwa maji mizani haifai, kwa sababu mililita 10 zina miligramu 0.4 tu za piperini, na hapo ndipo spektrofotomita yako ya zamani inapopata kazi, kwenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 343, ambako piperini hufyonza mwanga kwa nguvu.

Baada ya hapo rudi chini ya chupa. Toa zile fuwele zilizobaki, zikaushe, upime joto la kuyeyukia kwa kifaa cha kapilari, na ulilinganishe na la unga ulioanza nao. Likiwa limeshuka, ama kuna uchafu, ama fuwele zimechukua sura nyingine au zimefungia kiyeyushi ndani yake. Piperini inajulikana kuwa na zaidi ya umbo moja la fuwele. Ukiweza kumpata mtu wa kukupimia kwa eksirei na kalorimita katika chuo kikuu kilichopo Dar es Salaam, mpelekee fuwele hizi, si zile za mwanzo peke yake. Nimesoma makala nyingi za umumunyifu ambazo kigumu kilichobaki hakikutazamwa kabisa, na siziamini hata zikiwa na tarakimu nne baada ya nukta.

Jambo la pili la kuchunga ni maji. Ethanoli ikiachwa wazi katika hewa ya pwani hunywa unyevu, na ile inayouzwa kama asilimia 96 huwa na maji tayari. Pima msongamano wake kabla na baada ya kazi. Ethanoli tupu ina gramu 0.789 kwa mililita kwenye 20 °C. Ili uone uzito wa jambo hili, chukua kanuni rahisi iliyotolewa na mtafiti Yalkowsky, kwamba logariti ya umumunyifu katika mchanganyiko hufuata mstari ulionyooka kati ya logariti za viyeyushi viwili vikiwa peke yake. Ethanoli inabeba karibu gramu 67 kwa lita, maji gramu 0.04. Kwa mujibu wa mstari huo, ethanoli yenye asilimia 10 ya maji kwa ujazo itabeba kama gramu 32, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu utabeba gramu 1.6 tu. Kwa maneno mengine, kila asilimia 10 ya maji hukata umumunyifu kwa zaidi ya nusu. Majaribio halisi hupinda kutoka kwenye mstari, mara nyingi kwa kwenda juu upande wenye ethanoli nyingi, ndiyo sababu watafiti Jouyban na Acree waliongeza vipengele vya kuupinda. Lakini ukipima ncha mbili na nukta tatu za katikati utakuwa na kila unachohitaji kuchora mkunjo wenu wenyewe.

Mkunjo huo una faida zaidi ya kutoa onyo. Ukiwa na lita moja ya ethanoli iliyoshiba, kisha ukaongeza lita moja ya maji, kadirio letu linasema kimiminika kitashika gramu 3 hivi na zaidi ya gramu 60 zitaanguka. Hiyo ndiyo njia ya kuitenga piperini bila kiyeyushi kingine chochote, na ethanoli mnairudisha kwa kuikeneka. Ila msitarajie iende hivyo mara ya kwanza kwa utomvu wenu, kwa sababu utomvu una mafuta ya harufu, yakiwemo karyofilini, limonini na pinini, pamoja na gundi zake. Mkimwaga maji haraka, badala ya fuwele mtaona kimiminika kimegeuka cheupe kama tui, kisha matone ya kahawia yenye kunata yakishuka na kugandamana na kuta za chombo. Huo nao ni msawazo wa hali za maada, isipokuwa safari hii ni kimiminika kwa kimiminika: mafuta yamejitenga kutoka kwenye maji na kuondoka na piperini. Hapo suluhisho ni kuyafukuza kwanza mafuta ya harufu kwa mvuke, ambayo yana soko lake, kisha kuongeza maji kidogo kidogo kwenye mmumunyo wa vuguvugu uliotiwa mbegu ya fuwele, yaani fuwele chache za kuanzishia.

Sasa modeli. Kwa data za kiyeyushi kimoja katika viwango vitano vya joto, chora logariti ya umumunyifu dhidi ya kinyume cha joto, kama alivyofundisha mkemia van 't Hoff, upate mstari wenye vigezo viwili. Wengi wataongeza mlinganyo wa Apelblat wenye vigezo vitatu, kisha wataonyesha kwamba unafuata nukta vizuri zaidi. Kwa nukta tano zilizo kwenye mkunjo laini, jambo hilo halithibitishi chochote. Ukitaka modeli itakayokusaidia kwa mchanganyiko ambao hujaupima, tumia ile inayokokotoa gama ya kila mchanganyiko, kama NRTL ya Renon na Prausnitz ya mwaka 1968, ambayo unailisha vipimo vyako vya piperini pamoja na vigezo vya ethanoli na maji vilivyokwisha kuchapishwa. Ina manufaa kwa kuwa inabeba kwa pamoja utengano wa vimiminika niliousema na umumunyifu wa fuwele, hivyo inaweza kukuonya mahali matone yatakapotangulia fuwele.

Modeli zisizohitaji vipimo ndizo zinazovutia wauzaji wa programu. UNIFAC, iliyotolewa mwaka 1975 na Fredenslund, Jones na Prausnitz, huikata molekuli vipande na kukadiria gama kutokana na vipande hivyo. Ni hodari kwa pombe na mafuta mepesi, lakini jedwali lake la mwanzo halikuwa na vigezo vya amidi, na amidi ndiyo roho ya piperini. COSMO-RS, iliyoanzishwa na Klamt mwaka 1995, huanza na hesabu za kwantamu za uso wa molekuli, kwa hiyo haikwami kwenye vipande. Mimi huitumia kupanga viyeyushi 30 kutoka kilicho bora hadi kilicho duni, na mpangilio wake mara nyingi ni wa kutegemewa. Namba zenyewe zinaweza kukosea mara mbili au zaidi. Nayo pia inahitaji joto la kuyeyukia na enthalpi ya kuyeyuka, yaani tunarudi kwenye fuwele.

Kuhusu viyeyushi vya eutektiki mlivyotajiwa, habari zake zilienea tangu Abbott na wenzake walipoonyesha mwaka 2003 kwamba kloridi ya kolini, inayoyeyuka kwenye 302 °C, ikichanganywa na urea, inayoyeyuka kwenye 133 °C, kwa uwiano wa moli moja kwa mbili, hutoa kimiminika ambacho huganda kwenye 12 °C. Ni jambo la ajabu kweli, na upo utafiti mwingi wa mimea unaoitumia mbinu hiyo. Kwenu siishauri. Vimiminika hivyo ni vizito, kwa hiyo msawazo huchelewa. Hunywa unyevu wa hewa, na maji kidogo hubadilisha tabia yake. Tena havichemki, hivyo hamwezi kuvifukuza kwenye bidhaa. Kabonidioksaidi iliyopita nukta yake ya hatari (si hatari ya kudhuru, bali mahali ambapo gesi na kimiminika havitofautiki tena), 31.1 °C na bar 73.8, huondoka yenyewe shinikizo likishushwa, na umumunyifu ndani yake hukadiriwa vizuri kwa mlinganyo wa Chrastil wa mwaka 1982 unaotegemea msongamano wa gesi. Hata hivyo mtambo wake ni wa mwekezaji mkubwa.

Kwa hiyo, kwa kikundi chenu, mimi ningeanza na ethanoli na maji. Pima ethanoli kavu kadiri mtakavyoipata, kisha michanganyiko yenye asilimia 90, 75 na 50 ya ethanoli, kila mmoja kwenye viwango vile vitano vya joto, na kila kipimo kwa chupa tatu. Maji matupu yapimwe kwa spektrofotomita kwenye viwango viwili. Ukimaliza hapo, rudia mchanganyiko mmoja ukitumia utomvu badala ya piperini safi, maana mafuta yake huongeza umumunyifu, na tofauti utakayoiona ndiyo kipimo cha jinsi data safi zinavyoweza kutumika kiwandani. Kumbuka pia kwamba umumunyifu unakuambia kikomo cha kile ambacho kiyeyushi kinaweza kubeba, haukuambii kitatoka kwa kasi gani ndani ya punje. Pilipili manga huwa na asilimia 5 hadi 9 hivi ya piperini, na katika usagaji mbaya sehemu yake itabaki ndani ya punje hata ethanoli iwe na nafasi tele.

Spiriti mtakayonunua isiwe ile iliyotiwa rangi kwa ajili ya majiko na kusafishia, kwa kuwa huweza kuwa na methanoli, na mnunuzi aliyekataa heksani hataipokea methanoli. Ombeni cheti cha kila pipa. Na kwa kuwa mvuke wa ethanoli hushika moto hata katika joto la chini ya lile la chumba chenu, kausheni visahani mahali penye hewa inayopita, mbali na jiko na swichi.